Alama 97, na bado kijana wa Mwanjelwa anasinzia

Kwenye vibanda vya gemu, iwe Mwanjelwa au Uyole jijini Mbeya, au Kihesa kule Iringa, hukumu hutoka haraka. Mtu akiwekewa gemu iliyosifiwa dunia nzima, akaicheza nusu saa, akapiga miayo na kurudi kwenye foleni ya gemu ya mpira, basi huyo hajui gemu. Kazoea kupiga chenga na kufunga, stori haiwezi.

Hukumu hiyo ina ukweli wake, na tutaufikia. Ila wanaoitoa mara nyingi hawajajiuliza gemu hiyo ilisifiwa na nani, akiwa amekaa wapi, na kwa saa ngapi.

Tuichukue Red Dead Redemption 2, maana ndiyo inayotajwa kwanza kila ubishi huu unapoanza. Ilitoka tarehe 26 Oktoba 2018 kwa mashine za PS4 na Xbox One, na kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, wastani wao ni 97 kwa 100. Mwaka ni 1899, genge la majambazi wa Marekani limekimbilia milimani na theluji inawafunika. Sura hiyo ya theluji pekee inachukua kama saa mbili. Farasi anakokota miguu, unamfuata mkuu wa genge gizani. Unaingia kwenye nyumba kutafuta chakula: unasogea mpaka kwenye kabati, unashikilia kitufe, mlango unafunguka, unashikilia tena, mkono unanyooka taratibu, kopo moja linaingia kwenye mkoba. Kopo la pili, vilevile. Ukitaka kukimbia kweli, huwezi kushikilia kitufe cha X tu. Inabidi uigonge mfululizo kama anayetwanga.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo ubishi wote ulipolala. Tuseme kibanda kinatoza Sh1,000 kwa saa. Stori kuu ya gemu hii, bila kupotea porini kuwinda na kuvua samaki, ni kama saa 50. Hiyo ni Sh50,000. Theluji peke yake ni Sh2,000, na hapo hujafika hata mji wa kwanza. Mwanafunzi anayekuja Jumamosi na Jumapili, saa moja moja, atamaliza baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Wikiendi yake nzima ya kwanza inaishia kwenye theluji. Akirudi wiki ijayo amesahau nani ni nani kati ya watu zaidi ya 20 wa genge, amesahau kitufe cha kutoa bunduki kwenye tandiko, na huenda akakuta mwenzake amesevu juu ya sevu yake. Mhakiki alipewa gemu kabla haijatoka, akaicheza siku mfululizo, kitini kwake, mlango umefungwa. Upole ule ambao kwake ulikuwa utamu, kwa mwenye Sh500 na dakika thelathini ni pesa inayoyeyuka huku farasi anatembea. (Na mtu wa Makete au Njombe, mwezi wa saba, vidole vimekufa ganzi kwenye pedi, hana haja ya kulipia baridi nyingine kwenye skrini.)

Atasema mtu: basi aicheze nyumbani. Kwenye PS4 gemu hiyo ina kama GB 105. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyoyumba, ni kama saa 23 za kupakua, na robo hivi ya nafasi ya mashine ya GB 500 imekwenda. Bando la kazi hiyo kila mmoja anajua bei yake.

Halafu kuna uzito wa pedi. Wachezaji wa mpira husema Red Dead ni nzito, na mashabiki hucheka kana kwamba ni visingizio. Si visingizio. Gemu za mpira kwenye PS4 huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 17 hivi. Red Dead kwenye mashine hiyohiyo huchora 30, picha moja kila milisekunde 33. Juu ya hapo, mhusika lazima amalize hatua aliyoianza ndipo ageuke, kwa kuwa waundaji walitaka atembee kama mtu mwenye kilo zake. Kidole gumba kilichofundwa na mpira kinaona kuchelewa huko, na kinaona sawasawa.

Runinga ya kibanda inaongeza lake. Nyingi zimeachwa kwenye mpangilio wa picha kali ili zing'ae mpaka barabarani, na mpangilio huo huisafisha kila picha kabla ya kuionyesha. Kila kusafisha ni kuchelewa. Dawa yake ni dakika moja: ingia kwenye menyu ya picha, chagua mpangilio wa Game, zima ulainishaji wa mwendo. Rangi zitapoa kidogo, pedi itaamka. Kama mhusika anajisogeza mwenyewe bila kuguswa, hiyo ni analogi, kijiti cha pedi cha kuelekezea, iliyochoka. Kwenye mpira huioni sana, lakini kwenye gemu ya kulenga shabaha inamwonea mchezaji mchana kweupe.

Lugha nayo haitajwi vya kutosha. Red Dead haina Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha wachunga ng'ombe wa karne ya 19, kinachosemwa huku unaendesha farasi na maandishi yanapita chini. Sinema za kigeni zilipata ma-DJ wa kututafsiria, wakaweka na chumvi yao, ndiyo maana mtu asiyejua Kiingereza alitoka kwenye kibanda umiza akiwa na stori kamili. Gemu haina DJ. Ukiondoa maneno kwenye gemu ambayo nusu ya sifa zake ni maneno, kinachobaki ni mtu anayepanda farasi kwa muda mrefu sana.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja, na hoja yake nzito iko kwenye gemu ya mapigano ya Elden Ring ya tarehe 25 Februari 2022, iliyopata 96 kwenye PS5. Haina chaguo la kupunguza ugumu. Wanaoitetea wanasema wengi wanaoikimbia hawajaicheza. Wameicheza kama mpira. Na hapa wana haki. Ukitoka tu pangoni unakutana na askari wa dhahabu juu ya farasi. Mgeni humvaa, akauawa mara kumi, akarudisha pedi. Gemu haikumwambia ampige. Anapaswa kumzunguka kwa mbali, afike kanisa bovu lililo mbele kidogo, apumzike kwenye mwanga wake, yaani kituo cha kupumzikia, aendelee na barabara mpaka kwenye mwanga wa karibu na geti, apewe farasi wake mwenyewe. Baada ya hapo ashuke kusini, kwenye rasi, akusanye nguvu ndipo arudi kwa bosi, adui mkubwa, wa kwanza wa ngome.

Makosa matatu humaliza wengi. La kwanza, pointi zote wanaziweka kwenye nguvu za kupiga, hawaweki kwenye Vigor, uhai, kwa hiyo pigo moja wamelala. La pili ni mzigo: ukivaa na kubeba zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wako, ukijibiringisha unaanguka kama lumbesa la viazi linaloshushwa Uyole, na adui anakusubiri uinuke. Vua kofia ya chuma tu, wakati mwingine inatosha. La tatu ni kubonyezabonyeza. Gemu hii huweka kumbukumbu ya kitufe ulichobonyeza ukiwa katikati ya tendo na kukitekeleza baadaye, kwa hiyo aliyegonga duara mara tatu kwa hofu atajibiringisha tena pale ambapo hakutaka. Bonyeza mara moja, subiri. Mtu akielezwa haya matatu anaweza kuipenda ndani ya jioni moja, na hapo ni kweli kwamba alikuwa hajaijua.

Lakini angalieni: hata hapo alihitaji mtu wa kumweleza, na muda wa kufa bila saa ya kibanda kusogea. Elden Ring haisimami. Mhudumu akiita "muda umeisha" katikati ya pambano, huna kitufe cha kuisimamisha. Ukifa, runi zako, yaani malipo ya kuua maadui unayoyatumia kujiongezea nguvu, zinabaki pale ulipofia, na anayekuja baada yako akiendelea na mhusika huyohuyo, akafa kabla hajaziokota, zimepotea moja kwa moja.

Kuna ushahidi ambao wanaowacheka walalamikaji huusahau. Gemu ya Bloodborne ilipotoka Machi 2015, watu walilalamika kwamba kila ukifa unasubiri mno. Wakaambiwa wajifunze kutokufa. Mwezi uliofuata waundaji wakatoa sasisho la kufupisha usubiri huo. Gemu nyingine, The Witcher 3, ilitoka tarehe 19 Mei mwaka huohuo, watu wakasema mhusika anageuka kama lori lenye tela. Julai ikaongezwa njia ya pili ya kutembea, na ipo mpaka leo kwenye chaguzi za uchezaji, chini ya Movement Response. Anayeicheza leo na kusema haina shida yoyote anafaidi malalamiko ya waliochekwa.

Wapo pia wanaoshindwa kwa sababu ya mwili. Gemu za kuona kwa macho ya mhusika huwapa baadhi ya watu kichefuchefu: macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumekaa. Chumba chembamba, kiti mita moja kutoka kwenye skrini ya inchi 43, ndiyo mbaya zaidi. Sogeza kiti nyuma, panua upana wa kuona kama gemu inaruhusu, zima ukungu wa mwendo na mtikisiko wa kichwa. Ikishindikana, achana nayo.

Anabaki yule aliyepata kila kitu: mashine yake, muda wake, Kiingereza chake, runinga imepangwa vizuri, ametoka kwenye theluji, amefika mji wa Valentine, amewinda, amecheza karata, na bado haoni kitu. Huyo hadaiwi maelezo. Diski ya gemu iliyosifiwa haikosi mnunuzi Soko Matola kule Mbeya wala Mashine Tatu kule Iringa, anaweza kubadilishana na ya mpira. Anayeipokea tu afungue kasha kwanza: Red Dead ya PS4 ina diski mbili, moja ya kusakinishia na moja ya kuchezea. Akipewa ya kuchezea peke yake, mashine haitaisakinisha.