Nani kakwambia hiyo ni bidaa?

Siku ya arobaini ya marehemu baba, juzuu za hitima, kile kisomo cha Kurani cha kumwombea maiti, zilipoanza kugawiwa, binti wa dada yangu aliinuka mkekani akaenda zake jikoni. Hakuondoka kwa hasira. Alivua nikabu, akakunja mikono ya baibui, akaanza kupakua pilau kwenye masinia kana kwamba ndiyo kazi aliyopangiwa. Mama, mwenye msiba wake, alimwita mara mbili. Ya tatu akajiinua na mkongojo akamfuata.

"Njoo umsomee babu yako."

"Bibi, mimi namuombea dua kila nikisali. Hitima haina dalili."

"Haina nini?"

"Dalili, bibi. Mtume hakuifanya. Ni bidaa, uzushi katika dini."

Mama akalitazama sinia. "Na hiyo pilau ya hitima unayoipakua, ina dalili?"

Jikoni palichekwa mpaka mwiko wa mtu ukaanguka. Mtoto naye alicheka, tena sana, lakini mkekani hakurudi.

Nimelikumbuka hili kwa sababu kila nikikaa na watu wa rika langu hapa Unguja nasikia malalamiko yale yale: vijana wameitupa dini, simu imewaharibu, heshima imekwenda na wazee. Kuna vijana wa namna hiyo, sikatai, na walikuwepo hata enzi zetu, ila wetu tuliwafichia. Lakini nikitazama nyumba yetu, anayeishika dini kwa ukali kuliko sote ndiye mdogo kuliko sote. Anafunga Jumatatu na Alhamisi, hasikilizi taarabu, hapeani mkono na shemeji zake. Mimi mama yake mdogo nimo katikati, namwonea haya yeye na namwonea haya mama.

Mama dini na mila alizipokea zimepikwa chungu kimoja. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akapewa somo wake, yaani kungwi, akafundwa. Akiugua aliandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji ya mawaridi akanywa. Mfunguo Sita ukiingia ni maulidi nyumba hadi nyumba, na ubani juu yake. Hakuna aliyewahi kumwambia hapa dini inaishia, hapa mila inaanzia, na yeye hakuona haja ya kuuliza. Mjukuu wake ameuchora huo mpaka kwa kalamu nyekundu, na kila kitu anakiuliza kiko upande gani.

Wazee wanasema haya yameletwa na simu. Si kweli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiyaandika Mombasa katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili, ili kila mtu asome: punguzeni gharama za matanga, acheni uzushi, someni. Mama hakuwa hata amezaliwa. Kisha Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mtoto wa Unguja hapa hapa, akatoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na mtu asiyejua Kiarabu akaweza kukaa peke yake chumbani akajua aya inasema nini. Miaka ya 1980 wakaanza kurejea vijana waliosoma Madina na Khartoum. Simu imekuja kumalizia tu.

Na hizo mila tunazozililia, tumeuliza zilianza lini? Baibui jeusi ambalo bibi zetu walilivaa kama vazi la tangu na tangu lilienea Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake kulikuwa na ukaya, kitambaa cha kujitanda kichwani, na mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kama muungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku hapa mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walilikimbilia baibui, wapite njiani bila mtu kuwajua walikuwa wa nani. Sina shaka wakubwa wa wakati huo walinung'unika kwamba siku hizi kila mtu anajifanya bibi. Leo hilo baibui la kamba limekuwa la makumbusho, na anayevaa baibui la Kiarabu la kushona anaambiwa ameacha asili.

Au Lamu. Habib Saleh, aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, aliposoma maulidi ya Habshi kwa matari, masharifu wakubwa wa mji walichukizwa na ngoma msikitini na kufundishwa kwa watu wasiokuwa na nasaba. Sasa watu wanatoka pwani nzima kwenda kwenye hayo maulidi, na ukiyagusa unaambiwa umegusa urithi wa wazee. Kwa hiyo mama anapomwambia mjukuu "tumeyakuta haya," anasema kweli kwa upande wake. Aliyakuta. Waliomtangulia kidogo hawakuyakuta.

Lakini lililonigeuza fikra ni posa. Mwaka uliofuata ndugu wa baba yake walikuja kumposea kijana wao, binamu yake. Kijana mzuri, ana kazi, hana neno. Wazee walishakubaliana, halua imeshaliwa. Mtoto akaomba ruhusa aseme, akasema mbele ya baba yake, macho chini, sauti haitetemeki, kwamba hadithi ya Mtume inataka mwanamwali aombwe idhini, na yeye idhini hatoi.

Kimya kiliingia ukumbini. Ungemjibu nini? Angesema "simpendi" angepigwa kelele. Angesema "nina wangu" ingekuwa balaa. Alisema kwa lugha ambayo baba yake hana pa kuipinga, na posa ikarudi ilikotoka.

Usiku ule nilikumbuka yangu. Mimi niliulizwa mlango umerudishwa nusu, shangazi amekaa upande huu, kadhi upande ule. Nikanyamaza. Shangazi akasema, "Amekubali." Nilikuwa nimenyamaza kwa hofu, na sikujua kwamba kulikuwa na jibu jingine. Hadithi ni hiyo hiyo moja: bikira aombwe idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Sisi tulifundishwa nusu ya pili, huyu mtoto ameishika na ya kwanza.

Alipokubali mume mwingine, alikataa na mkaja na kilemba, zile zawadi wanazopewa wazee wa bibi harusi. Mahari ni haki yangu, akasema, hayo mengine ni ada zenu. Mama alinuna wiki nzima kuhusu mkaja. "Tumbo lililombeba mama yako halina thamani?" Nilimwelewa. Ule mkaja haukuwa fedha, ulikuwa njia ya watu wa pale kumwambia mwanamke mmoja kwamba tunajua umetaabika. Ukiufuta, weka kitu kingine cha kusema hayo. Hakuna aliyeweka.

Hapo ndipo ninapogombana na watoto wetu, kwa sababu wanajua sana kufuta. Unyago, yale mafundo ya wanawali, wameufuta kwa kuwa una matusi. Sawa, una matusi. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na ngoma ya unyago, alipofariki Aprili 2013 mji mzima ulimsifu, na wengi wa waliomsifu wasingekubali binti yao akae katika ngoma yake hata nusu saa. Lakini somo alikuwa mtu mzima, anajulikana nyumba yake, msichana anaweza kumuuliza jambo la mwili wake na jambo lisitoke. Sasa binti anamuuliza nani? Anaandika swali usiku kwenye simu, anajibiwa na mtu asiyemjua jina. Sheikh wetu wa mtaani alikuwa akitoa fatwa akijua kesho atapita mlangoni kwa yule aliyemhukumu, pengine ale kwake. Hilo lilikuwa linamlainisha ulimi. Wa kwenye simu hapiti mlangoni kwa mtu.

Na wenzangu wanaosema zamani kulikuwa na haya, niwakumbushe tu kwamba visiwani hapa kwa sheria ya mwaka 1985 msichana aliyebeba mimba nje ya ndoa aliweza kufungwa gerezani. Mpaka 2005 ndipo kifungo kikabadilishwa kuwa kazi za kuitumikia jamii. Aliyempa mimba, mara nyingi, alikuwa barazani akinywa kahawa na sisi. Sitaki kurudishwa huko.

Mkaja ulimalizika kimyakimya. Mtoto alinunua doti ya kanga kwa fedha zake, akamletea bibi yake bila kuutaja. Mama akaipokea bila kuutaja. Tangu hapo mtoto akija kututazama anafikia chumbani kwake.

Alhamisi moja baada ya magharibi niliwakuta kitandani. Mama husoma Yasini kila usiku wa Ijumaa, kwa moyo, macho amefumba, tangu chuoni alikopigwa fimbo kwa ajili yake. Kiarabu hakijui hata neno la salamu. Mtoto alikuwa na simu mkononi, anamfuata kwa tafsiri, aya kwa aya, kwa sauti ya chini. Walipofika mahali fulani mama akafumbua macho.

"Hebu rudia hapo."

"Akaja mtu kutoka upande wa mbali wa mji, anakimbia."

"Anakimbia?"

"Ndiyo, bibi. Anakwenda kuwaambia watu wake wawafuate mitume."

Mama akabaki anamtazama, kidole bado kiko kwenye tasbihi. "Nimesoma Yasini zaidi ya miaka sitini," akasema, "sikujua kuna mtu anakimbia humo ndani. Ehe? Akafika?"