Kabla ya Msasa, Rangi Ipimwe

Idd ikikaribia, fundi wa rangi hapatikani Mombasa. Ukimpata Mji wa Kale, utamkuta barazani akipiga msasa mlango wa mtu, vumbi limejaa kichochoro kizima na watoto wanapita wakicheza. Rai yangu ni kwamba mlango wa zamani usiguswe na msasa mpaka rangi yake ipimwe kama ina madini ya risasi.

Hapa kwetu ukitaja sumu ya risasi, watu hukumbuka mtaa wa Owino Uhuru, na ni haki. Wakazi wale waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ila tangu hapo tumezoea kudhani sumu hiyo lazima itoke kwenye bomba la moshi.

Kwa miaka mingi risasi ilitiwa kwenye rangi ya mafuta ili ikauke upesi, ikolee na istahimili jua na unyevu. Mtu wa pwani angetaka nini zaidi? Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Kenya ilichelewa sana kuweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, kwa hiyo rangi ya juzi chini ya rangi ya jana si ya kuaminiwa. Kuta za chokaa hazinitii wasiwasi. Nashuku mbao na vyuma: milango, roshani, ngazi, fremu za madirisha, hasa zilizowahi kupakwa manjano au nyekundu ya kuwaka.

Rangi iliyoshika vizuri haina neno sana. Balaa huanza inapobanduka, dirisha linaposuguana na fremu yake, au fundi anapoikwangua kavukavu au kuichoma kwa moto. Vumbi hutua mkekani, mtoto anatambaa, mkono unaingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto haonyeshi homa wala upele. Shuleni ataitwa mzito au mtukutu, achapwe bure. Mwenye upungufu wa madini ya chuma huinyonya zaidi, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Unakata kipande kidogo cha rangi mpaka kwenye mbao, tabaka zote, unakipeleka maabara inayopima metali. Vile vijiti vya kusugua juu sivipendi sana: husoma uso, na sumu mara nyingi iko chini. Mtoto anayeishi kwenye vumbi hilo apimwe damu.

Wenye nyumba wataniambia, “Babu zetu wamezeekea humu, mbona walikuwa wazima?” Nami nauliza, damu yao ilipimwa na nani? Gharama nayo isitupiwe mpangaji. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, na mwenye nyumba huomba kibali kabla ya kukarabati. Fomu hiyo iongezwe mstari mmoja tu: matokeo ya kipimo cha rangi.

Na risasi ikipatikana, tafadhali asije mtu akang'oa mlango wa kuchongwa akamuuzia mtalii. Rangi iliyoshika vizuri ifunikwe kwa rangi mpya isiyo na risasi. Inayobanduka ilowanishwe ndipo ikwanguliwe, turubai litandikwe chini, watoto wahamie kwa shangazi kwa siku hizo, sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Fundi abadilishe nguo kabla hajarudi kwa wanawe. Kile kitambaa anachojifunga puani hakizuii vumbi hilo. Anahitaji barakoa yenye chujio, na wa kuinunua ni mwenye nyumba.