Kwenu si Makete?

Aisee hili swali limenichosha. Nikiingia dukani hapa Njombe mikono nimeificha kwapani kwa baridi, muuzaji ananiangalia juu chini halafu anauliza, we kwenu si Makete? Fundi pikipiki naye, kwenu si Makete? Juzi mtoto wa darasa la 3 kaniambia anko, bibi anasema kwenu Makete, sasa mbona unatetemeka. Yaani kuzaliwa Makete, wilaya ya baridi kali mkoani Njombe, imekuwa kama chanjo, ukishachomwa mara moja baridi haikugusi tena mpaka unakufa.

Jamani, Makete niliondoka nina miaka 13. Nimemaliza tu darasa la 7 baba mdogo akaja kunichukua nikakae dukani kwake Kariakoo, si mnatujua Wakinga, mtoto akishajua kurudisha chenji anapakiwa kwenye basi. Dar nimekaa miaka 21. Miaka 21 nalala na feni, shuka lenyewe najifunika kwa ajili ya mbu tu. Damu ya Makete yote imetoka kwa jasho, iliyobaki ni ya Temeke.

Sasa mwaka huu nimekuja Njombe mjini kukusanya viazi, nikapanga chumba. Dalili nilizipata tangu kwenye basi. Mikumi pale watu madirisha wazi, vifungo vya mashati wazi, wanakula mahindi. Tulipomaliza kupanda mlima Kitonga nikaona abiria, bila hata kuambiana, wanasimama mmoja mmoja wanashusha mabegi, huyu sweta, yule mzula, mama niliyekaa naye akatoa blanketi zima. Nikacheka kimoyomoyo, watu waoga hawa. Mafinga sikucheka. Makambako nilikuwa nimeshamwomba yule mama pembe ya blanketi.

Dereva wa fuso mmoja ndo alinipigia hesabu, kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama digrii 6, na Njombe ni kama mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo digrii 12 nimeziacha Dar bila hata risiti. Na hiyo ni hesabu ya mchana. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 mbingu inakuwa safi, hakuna wingu la kutufunika, joto lote ardhi ililokusanya mchana linapaa zake juu, huku upepo wa kusi unapuliza kama umelipwa. Kuna asubuhi mabondeni unakuta umande umeganda mweupe kwenye majani. Shamba la viazi la mzee mmoja, ambalo nilishaweka advansi, liliungua kwa usiku mmoja, majani meusi kama limepitiwa na moto. Kitu ni baridi halafu kinaunguza, sijui nani alipanga hivyo.

Halafu cha ajabu utotoni sikumbuki kuteseka. Tulikuwa tunaenda shule peku na kaptula, ule umande ulioganda tunaukanyaga krr krr krr, tunatoa mvuke mdomoni tunajifanya tunavuta sigara. Nimewaza sana kwa nini, nikaja kugundua kumbe kulikuwa na mtu anaamka kabla yetu. Ukitoka kitandani unakuta jikoni moto unawaka, maji yameshapata moto, viazi viko majivuni vinakusubiri wewe, unadhani dunia ndo ilivyo. Sasa mtu mzima unaamka saa 11 alfajiri, unasubiri moto uwashwe, unasubiri, mpaka unakumbuka mwashaji ni wewe.

Suala la kuoga tusilichimbe. Napiga paspoti, uso kwapa miguu, imetoka hiyo. Mafuta ya nazi niliyokuja nayo yaliganda siku ya kwanza, nayachokonoa na kijiko. Midomo imepasuka, nikichekeshwa nacheka kwa awamu. Simu inafunguka kwa kidole gumba, sasa kidole kimepauka hainitambui, inaniambia jaribu tena, na ikifika asilimia 30 inazima tu. Nayo ya Dar.

Bibi mwenye nyumba ana miaka zaidi ya 70, saa 12 asubuhi anaoga maji ya bomba, namsikia humo ndani anaimba za kwaya. Akitoka namwamkia, shikamoo bibi, marahaba baba, kamwene (ndo salamu ya huku), umeamkaje? Baridi bibi. Anacheka. "Hii? Hii bado baba, subiri mwezi wa 7." Nikamwambia bibi leo ni tarehe 9 mwezi wa 7. Akasema ehee, basi ndo hii.

Wiki ya pili nikanunua mkaa wa miti ya miwati, ule wa huku una moto mkali kweli, nikawasha jiko nje mpaka likakolea, nikawa naliingiza chumbani nifunge mlango nilale nalo. Bibi sijui alitokea wapi. Akatua ndoo chini. "We baba, nipe kabisa namba ya kwenu niwaambie waje kukuchukua." Nikasema bibi mbona halitoi moshi. Akasema huo usioonekana ndo unaoua. Na ni kweli bwana, ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, unasinzia vizuri tu halafu asubuhi wanavunja mlango. Basi jiko likalala nje, mimi ndani, tunaangaliana dirishani.

Nikampigia mke wangu nimlilie kidogo. Akanambia feni imeharibika, joto linamuua. Joto, mwezi wa 7! "Si ujifunike baba watoto." Nina mablanketi 2, masweta 2, soksi pea 3, mzula, na koti la mtumba lenye manyoya kama la Mrusi, nijifunike nini tena, mlango? Ndo akasema basi weka maji ya moto kwenye chupa ulale nayo.

Nikachukua chupa ya maji ya dukani, ile ya lita 1 na nusu, nikachemsha maji mpaka yanaruka, nikamimina. Kumbe ile plastiki haiyawezi maji yanayochemka, ilinywea, ikajipinda kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, ila kifuniko kikafunga hivohivo. Nikaiweka miguuni. Aisee! Dakika 40 za kwanza nilikuwa Temeke. Nilivua mpaka mzula. Saa 9 usiku nikaota niko ufukweni Kigamboni, maji yananifika kiunoni, sasa mbona yanazidi kupoa, nikashtuka. Kifuniko kimeachia. Chupa nzima imeingia kwenye godoro.

Nilikaa kwenye kiti mpaka kukakucha. Godoro lazima litoke nje, hamna namna, nikalibeba kichwani, na ile alama ya duara katikati inaonekana toka barabarani. Watoto wa pale nyumbani ndo wanatoka kwenda shule. Mmoja akaliangalia godoro, akaniangalia mimi na ndevu zangu, akarudi kwenye godoro. Nikamwambia ni chupa ilimwagika. Akasema ndiyo anko. Ile heshima ndo iliniuma. Walipofika getini wakaanza kuimba, na wote tunajua watoto wanaimba nini wakiona godoro limeanikwa.

Lilichukua siku 4 kukauka. Bibi hakusema neno, kila mchana analigeuza mwenyewe upande wa jua. Jioni ya siku ya 4 akaja kunigongea, kaniletea nailoni. "Tandika chini ya shuka baba, usione aibu, hata mjukuu wangu alichelewa kuacha." Habari ya chupa nimemweleza mara 4 sasa. Anaitikia vizuri tu, ehee, ehee, chupa.

Hapa ninapoandika ni saa 8 usiku. Nimebanwa na haja ndogo tangu saa 5. Choo kiko nje, kutoka mlangoni ni hatua 22, nilizihesabu mchana. Nailoni nimeshatandika.