Paka dume aliyezibwa mkojo: pesa ya kipimo iende wapi?

Paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake bila kukojoa hata tone, akijilamba chini ya mkia na kulia, watu wengi Kampala humdhania amefunga choo. Anapewa mafuta ya kula, inasubiriwa kesho. Kesho hiyo analetwa ndani ya boksi juu ya boda, amelegea, na daktari akimshika tumbo anakuta kibofu kigumu kama limau. Swali la pesa hujitokeza papo hapo: damu ipimwe nini?

Siku hizi wapo madaktari wa wanyama wanaotaka kuangalia pia viashiria vya inflamesheni, yaani dalili kwenye damu kwamba mwili umeumizwa na unajihami. Viwili hutajwa sana. Kimoja ni uwiano wa chembe nyeupe za aina mbili, nyutrofili kwa limfosaiti. Kingine ni amiloidi A ya seramu, protini inayotoka kwenye ini. (CRP, protini nyingine ya ini tuliyoizoea kwa watu na mbwa, kwa paka haina msaada.)

Wanaoutetea uwiano wana hoja. Ukishahesabu chembe za damu, kilichobaki ni kugawanya namba mbili, wala mteja haongezewi bili. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiuangalia ili kuona kama unaweza kumtambua mapema paka ambaye hali yake itakuwa ngumu. Na mwenye paka anayeuliza, "Musawo, atapona?" anastahili jibu lenye msingi.

Tatizo ni woga. Paka aliyepita kwenye foleni ya Jinja Road ndani ya boksi, kisha akasikilizishwa mbwa wakibweka mapokezini, ana kotisoli, homoni ya msongo, ya kutosha kupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Uwiano utakuwa juu, lakini je, umepimwa ugonjwa au safari? Ongeza na maumivu ya kibofu kilichojaa, na huwezi tena kuvitenganisha. Uwiano mwingine, unaotumia chembe sahani (zile za kugandisha damu), una udhaifu zaidi, maana chembe hizo za paka hushikana kwenye sampuli na mashine hutoa hesabu ya chini kuliko ilivyo kweli.

Amiloidi A haiyumbishwi sana na woga, hilo nalikubali. Ila huchukua saa kadhaa kupanda, na ikishapanda haisemi kama kilichomuumiza paka ni bakteria au ni kibofu chenyewe kilichovutika hadi kikachubuka. Wengi wa paka hawa, hasa vijana, hawana bakteria kwenye mkojo siku wanapoletwa. Wamezibwa na ute uliochanganyika na fuwele, au njia imebana tu. Nachelea kwamba namba kubwa itakuwa kisingizio cha kuchoma antibiotiki, katika nchi ambayo dawa hizo tayari zinanunuliwa kirahisi kupita kiasi. Anayeshuku bakteria apeleke mkojo maabara uoteshwe, ionekane kama wapo.

Tena, kinachomuua paka huyu haraka ni potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Figo zikishindwa kuitoa, inapanda na moyo unazidi kwenda polepole mpaka usimame. Kliniki isiyo na mashine ya kuipima bado ina stethoskopu: paka mgonjwa, tena mwenye hofu, ambaye moyo wake unapiga chini ya mara 140 kwa dakika, ni wa kutiliwa shaka. Kalsiamu huukinga moyo kwa muda bila kuishusha potasiamu. Inayoishusha kweli ni dripu na kuzibua njia.

Kwa hiyo pesa ya kwanza naipeleka kwenye potasiamu na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Uwiano uangaliwe kama hesabu ya damu imeshafanywa, mradi mtu asimwambie mwenye paka akubali achomwe sindano ya kufa kwa sababu ya namba hiyo. Hata kreatinini iliyopanda sana huweza kurudi kawaida ndani ya siku chache njia ikizibuliwa. Amiloidi ningeiomba baadaye, paka akipata homa wakati mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kuzibua njia, ungali ndani, au akikataa kula wakati figo zimeshatulia.

Na kama bajeti inatosha amiloidi au usiku mmoja zaidi wa kulazwa, nachagua usiku. Paka wa namna hii huziba tena mara nyingi siku za mwanzo baada ya mpira kutolewa, na anapaswa kuonekana akikojoa mwenyewe kabla ya kurudishwa kwenye boksi.