Mmejuaje? Hakika ya Mkristo katika mji wa inshallah

Tulipomzika shangazi yangu, majirani zetu Waislamu wa Kikwajuni walikuja wote, kama ilivyo ada ya Unguja. Wanaume walipokezana jeneza, wanawake wakashinda jikoni kwetu na masufuria yao. Kaburini mhubiri akapaza sauti: "Hatuna shaka hata chembe, mama huyu saa hizi yuko mbinguni." Tukaitika amina. Jioni, barazani, mzee mmoja anayenijua tangu nasoma skuli alinisogezea kikombe cha kahawa, akauliza taratibu: "Nnakuuliza tu mwanangu, usinifahamu vibaya. Nyinyi mmejuaje?"

Hakuwa anatafuta ubishi. Kwake yeye mja hukaa baina ya khofu na rajaa, yaani tumaini, na maiti huombewa dua; mwisho wake anaujua Mola. Katika mji ambao hata safari ya boti ya saa mbili kwenda Dar es Salaam haitajwi bila inshallah, mtu anayetangaza pepo bila inshallah anasikika ana kibri. Na kabla sisi Wakristo hatujaudhika, tukumbuke kwamba Yakobo 4:15 inatuamuru neno hilo hilo: "Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi."

Lakini Biblia hiyo hiyo ina 1 Yohana 5:13, ambapo mtume anasema ameandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele". Mjue. Hakusema mtaraji. Hapa ndipo wanaposimama watu wa hakika, na hoja yao si nyepesi hata kidogo. Wanasema hivi: kama wokovu ni ujira, hakuna awezaye kujua, maana kazi haijaisha na msimamizi hajahesabu. Kama ni zawadi, basi anayepewa akabaki anasema "sijui kama nimepewa" hajanyenyekea. Anamtilia shaka mtoaji. Mtoto anayeuliza kila usiku kama kesho bado atakuwa mtoto wa nyumba hii, tatizo lake si adabu.

Sisi wa visiwani tuna mfano wetu, na wahubiri wanaupenda. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo altare yake, inasimuliwa, imekaa pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia watu. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Hata amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya 1897, iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Wengi hawakwenda. Sheria imekwisha kusema, na mtu anaamka alfajiri anakwenda kumchotea maji bwana wake. Mkristo mwenye wasiwasi, anasema mhubiri, ndiye huyo: yuko huru, ila hajaichukua hati yake.

Mfano mzuri, nami nimewahi kuutumia darasani. Una tundu moja. Wengi katika wale waliobaki hawakubaki kwa kutojua. Walijua vizuri sana. Walichokosa ni shamba, ukoo na mtu wa kuwasimamia. Hati peke yake isingewapa chakula cha jioni.

Upande wa pili nao una Maandiko yake. "Anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke," anaandika Paulo kwa Wakorintho, na kwa Wafilipi: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka." Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ulikataa kwamba mtu anaweza kujua kwa yakini isiyokosea kwamba yumo katika neema. Tumaini, ndiyo, tena lenye nguvu. Yakini ya namna ile, hapana. Ndiyo maana Mkatoliki anayetoka misa kanisa la Minara Miwili, ukimkalisha barazani, atakubaliana na yule mzee wangu katika swali hili haraka kuliko atakavyokubaliana na mlokole wa mtaa wa pili. Jambo hili huwa linanichekesha, na huwa halitajwi kwenye mihadhara ya pande zote.

Hofu ya upande huu wa pili ina sababu. Sote tunamfahamu mtu aliyenyoosha mkono kwenye mkutano wa injili, akaambiwa jina limeshaandikwa, na tangu siku hiyo kuwadhulumu vibarua hakumsumbui. Hakika yake imekuwa mto wa kulalia.

Mimi kwa jumla niko upande wa hakika. Ninapoachana nao ni kwenye swali lao lile la "Umeokoka lini?" Uamsho wa Kikristo uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki ulifanya mengi mema: watu waliungama wizi, walirudisha mali, walisameheana hadharani. Lakini swali la tarehe, linapofanywa kipimo, linahamisha msingi. Nilikuwa namtegemea Kristo, sasa nategemea kumbukumbu yangu ya jioni moja na machozi niliyolia. Machozi yakikauka nishike nini?

John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alipitia hayo. Tarehe 24 Mei 1738, katika mtaa wa Aldersgate jijini London, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu, akapewa hakika kwamba dhambi zake zimeondolewa. Wahubiri wengi huishia hapo. Januari 1739, miezi minane haijatimia, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Na bado akaendelea kuhubiri mpaka alipofariki 1791. Kama hakika ni hali ya kifua, basi Wesley aliipata Mei akaipoteza kabla mwaka haujazunguka.

Waraka kwa Waebrania unaliita tumaini "nanga ya roho, hakika na salama", na nadhani mwandishi alijua vyombo. Nenda Malindi, bandarini kwetu Unguja, uangalie dau lililotia nanga. Halitulii. Maji yakijaa linageuka huku, yakipwa linageuka kule, upepo ukizidi linavuta amari, kamba ya nanga, mpaka unadhani itakatika. Nanga yenyewe huioni, iko chini. Nahodha hajui kwamba amesalimika kwa kuwa dau limetulia. Anajua kwa kuwa nanga imeshika. Kutetemeka kwa Wafilipi na kujua kwa Yohana, kwangu mimi, vimo katika chombo kimoja. Hata Paulo, aya inayofuata pale pale, anasema ni Mungu atendaye kazi ndani yenu.

Kwa hiyo nilimjibu mzee kwamba mhubiri alisema kweli kwa namna isiyo nzuri. Alisema kana kwamba ameliona daftari. Nikamsimulia wiki ya mwisho ya shangazi.

Shangazi alikuwa Mwanglikana wa malezi ya zamani, ya wale wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, waliowafundisha watu kuitafuta hakika nje ya vifua vyao: katika maji ya ubatizo, katika mkate wa Jumapili. Hakuwa na tarehe ya kuokoka. Na alikuwa anaogopa. Usiku alinishika mkono akauliza, "Hivi atanipokea?" Nikaanza kumpa aya. Akanikatiza, akanionyesha kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani mlikuwa na cheti chake cha ubatizo, kimekunjwa mara nne, kingo zimeliwa na mende, wino umegeuka rangi ya chai. "Kisome." Nikasoma jina lake, siku, jina la padri. "Soma tena." Nikasoma tena. Mara ya tatu alikuwa ananitangulia kwa midomo, bila sauti.

Mzee alikaa kimya, anazungusha kikombe kitupu. "Kumbe na yeye aliogopa," akasema.

"Aliogopa, mzee wangu. Na cheti tulikikuta mkononi."