Usimpe mpakiaji wa faili ruhusa ya FILE

Chukua SACCO ya Mbarara, Uganda, inayopokea kila jioni faili ya CSV ya malipo ya simu. Karani anaandika LOAD DATA INFILE (amri ya kupakia faili kwenye jedwali), MySQL, yaani programu ya hifadhidata, inamkatalia kwa kosa 1045, na fundi anakimbilia GRANT FILE, amri ya kumpa ruhusa ya FILE. Naupinga kabisa mtindo huo.

FILE haitolewi kwa hifadhidata moja. Ukiandika GRANT FILE ON sacco.* unapata kosa 1221, inakubali *.* tu. Kuanzia hapo karani anaweza kusoma kwenye seva faili ambazo mysqld (programu ya MySQL inayoendesha seva) inaweza kuzisoma, na kuandika mpya kwa SELECT ... INTO OUTFILE. Kinachombana ni secure_file_priv, mpangilio unaotaja folda inayoruhusiwa, ambayo kwenye Ubuntu kwa kawaida ni /var/lib/mysql-files/. Ndiyo inayoleta kosa 1290 faili ikiwa kwingine. Wapo wanaoiacha tupu ili kosa liishe, na hapo kizuizi chenyewe kimeondoka. Tunazungumzia NIN (namba za utambulisho wa taifa) na namba za simu za watu, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inataka zilindwe.

Tumia LOCAL, yaani LOAD DATA LOCAL INFILE. Faili inabaki kwenye kompyuta ya karani, programu yake inaisoma na kuituma, wala FILE haihitajiki. Akaunti yake inahitaji INSERT tu kwenye mapokezi, jedwali la kupokelea data ghafi:

GRANT INSERT ON sacco.mapokezi TO 'mpakiaji'@'192.168.1.20';

Basi. Usiongeze DELETE, maana hiyo inahitajika tu ukipakia kwa REPLACE, yaani kubadilisha safu mlalo zilizopo.

Tangu toleo la 8.0 LOCAL imezimwa pande zote mbili, kwa sababu seva yenye hila inaweza kuiomba programu ya mteja faili ambayo hukuitaja. Kwenye seva weka local_infile=1. Kwa karani, badala ya kuwasha --local-infile, tumia --load-data-local-dir (kuanzia 8.0.21) na utaje folda moja ya malipo. Ukisahau upande wa seva, utakutana na kosa 3948; ukisahau wa karani, ni 2068.

Hatari ya LOCAL iko kwingine: makosa ya data yanageuka maonyo na upakiaji unaendelea. Kiasi "50,000" kikiingia kwenye safu ya INT (namba kamili) kinahifadhiwa kama 50, na mwanachama amepoteza shilingi 49,950 bila amri kukwama. Simu 0772... nayo hupoteza sifuri. Kwa hiyo safu zote za mapokezi ziwe VARCHAR (maandishi), ongeza ENCLOSED BY '"' ili koma iliyo ndani ya alama za nukuu isigawe thamani, na faili ikitoka Windows andika LINES TERMINATED BY '\r\n', la sivyo safu ya mwisho itabaki na herufi isiyoonekana. Soma SHOW WARNINGS (orodha ya maonyo) papo hapo, kabla ya amri nyingine, na ulinganishe Records, idadi ambayo MySQL inaonyesha baada ya kupakia, na idadi ya mistari ya faili. Akaunti nyingine ndiyo iondoe koma na kuhamisha malipo kwenye jedwali halisi.

Wanaotumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine, watumie \copy ya psql (programu yake ya mteja), inayotosheka na INSERT kwenye jedwali. COPY ya kusoma faili ya seva inadai pg_read_server_files, ruhusa ya kusoma faili za seva, na hiyo karani hana kazi nayo.