Tone la Asidi Linahitaji Shahidi Zaidi ya Mmoja

Tarehe 9 Desemba 1978 Marekani iliingiza vichunguzi vinne katika anga ya Zuhura: kimoja cha kilo 315 na vidogo vitatu vya kilo 90 kila kimoja. Kile kikubwa peke yake ndicho kilichobeba kifaa cha kupima ukubwa wa chembe za mawingu, na kikaripoti makundi matatu. Kundi la chembe kubwa, za mikrometa saba au nane hivi, linabishaniwa hadi leo. Wapo wanaosema ni fuwele. Wengine wanashikilia kwamba kundi hilo halipo, ni kosa la vipimo tu, na chembe zote ni matone ya asidi ya salfuriki.

Ubishi huo si mdogo. Kama kundi hilo lipo, limebeba sehemu kubwa ya uzito wa mawingu ya chini. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40 hatujaweza kusema kwa hakika mawingu ya sayari jirani yetu yameundwa na nini, kwa kuwa kifaa kile kilishuka mara moja, mahali pamoja, bila mwenzake wa kulinganishwa naye.

Naona dawa ni kutuma vichunguzi kadhaa vyepesi vyenye kifaa kilekile, badala ya kimoja kizito. Wanaovitilia shaka vichunguzi vyepesi wana hoja. Kile cha kilo 20 hivi kinachoandaliwa na kampuni ya Rocket Lab na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kitapita mawinguni kwa dakika tano tu. Mwaka 2005, Huygens, kichunguzi cha Ulaya, ilinasa chembe za anga ya Titan, mwezi wa Zohali, ikazichoma hadi nyuzi 600 za Selsiasi na kupata amonia na sianidi ya haidrojeni. Kazi hiyo inadai pampu, tanuri na spektrometa (kifaa cha kutambua kemikali), na hakuna kichunguzi chepesi kitakachovibeba vyote. Hilo nalikubali.

Lakini ukubwa nao haujawahi kuwa dhamana. Kichunguzi cha Galileo, chenye kilo 339, kiliingia Mshtarii mwaka 1995 kikaangukia eneo kavu lisilo na mawingu mengi. Na katika kile kikubwa cha Zuhura, matone ya asidi yaliziba tundu la spektrometa wakati wa kushuka. (Bahati iliingilia: mabaki ya matone hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba Zuhura ina haidrojeni nzito kwa uwiano wa zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia, dalili kubwa kwamba ilipoteza maji.) Kifaa cha kilo moja kinachomulika leza nje kupitia kioo, kama kile cha kichunguzi cha Rocket Lab, hakina tundu la kuzibwa. Chembe hupimwa zikiwa zinaelea mahali pake.

Kifaa hicho hakitataja kila kemikali. Kwa swali la 1978, yaani kama chembe kubwa ni fuwele au matone, hata hivyo, hakilazimiki. Tone la duara hutawanya mwanga kwa mpangilio unaokokotoleka, ilhali fuwele yenye kona huuvuruga. Vichunguzi vitatu vyenye kifaa kilekile, kimoja upande wa mchana, kimoja wa usiku, kimoja karibu na ncha, vingetupa vipimo vya kulinganisha ambavyo kichunguzi kimoja, hata kiwe na uzito gani, hakiwezi kuvitoa. Fuwele zikionekana katika vyote vitatu, itakuwa vigumu kulilaumu tena kosa la vipimo.